Kupiga picha za michirizi ya nyota karibu na ikweta: mwongozo kamili

Miongozo mingi ya kupiga picha za michirizi ya nyota, yaani mistari ambayo nyota huichora kwenye picha kadiri anga linavyozunguka, huandikwa na watu wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini, na hatua yao ya kwanza huwa moja: itafute Nyota ya Kaskazini, elekeza kamera huko, nyota nyingine zitaizunguka. Ukiwa Nairobi, Dodoma au Kilwa, agizo hilo halikufikishi popote, maana nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho. Manahodha waliokuja pwani yetu kutoka Uarabuni walilijua jambo hili karne nyingi zilizopita. Ahmad ibn Majid, nahodha wa karne ya 15 mzaliwa wa Julfar huko Uarabuni, aliandika kuhusu kupima urefu wa nyota hiyo kwa vidole, nayo ilizidi kushuka kadiri jahazi lilivyokwenda kusini.

Hatujapungukiwa na kitu. Anga letu lina michoro yake, ambayo mpiga picha wa London hawezi kuipata bila kusafiri: mistari inayopanda wima kutoka mashariki, na matao ya nusu duara yaliyokaa juu ya ardhi upande wa kusini. Mwongozo huu ni wa kupiga picha hizo, kwa kamera ya kawaida yenye lenzi ya kawaida.

Anga linavyozunguka tukilitazama kutoka hapa

Dunia hujizungusha mara moja kwa saa 23 na dakika 56, kwa hiyo kila saa anga lote huonekana limezunguka nyuzi 15. Linazunguka kwenye ncha mbili, moja kaskazini na moja kusini. Urefu wa ncha juu ya upeo wa macho ni sawa na latitudo ya mahali ulipo. Nairobi, ncha ya kusini iko nyuzi 1 na kidogo tu juu ya ardhi. Dodoma ni nyuzi 6, Kilwa nyuzi 9, Songea karibu nyuzi 11. Ukinyoosha mkono na kukunja ngumi, ngumi hiyo inafunika takriban nyuzi 10 za anga, kwa hiyo unaweza kukadiria ncha ilipo hata bila kifaa.

Kutokana na hayo, kila upande una picha yake.

Mashariki nyota huchomoza zikipanda karibu wima. Katikati ya fremu michirizi hunyooka kabisa, kushoto hupinda kuelekea kaskazini, kulia hupinda kuelekea kusini, na kwa lenzi pana picha nzima hufunguka kama mbavu za jahazi linaloundwa. Magharibi ni hivyohivyo, ila nyota zinashuka. Kusini unapata matao, moja juu ya jingine, yaliyoegemea ardhi. Kaskazini pia ni matao, lakini kitovu chake kimezama chini ya ardhi. Juu ya utosi mistari hukimbia sambamba kutoka mashariki kwenda magharibi, na haivutii sana mpaka uweke kitu kirefu ndani ya fremu, mfano minazi ukiipiga kutoka chini.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni mashariki. Sababu ni ya kihesabu: nyota iliyo kwenye ikweta ya anga, yaani mstari ulio katikati ya zile ncha mbili, husafiri nyuzi 15 kamili kwa saa, wakati nyota iliyo nyuzi 10 kutoka kwenye ncha husafiri nyuzi 2.6 tu kwa muda huohuo. Ukielekea mashariki, dakika 40 zinakupa michirizi ya kutazamika. Ukielekea kusini utahitaji saa mbili au tatu, na betri ya kuzimudu.

Kuna kundinyota moja lililoumbwa kwa picha hii: Jabari, ambalo wengi wanalijua kwa nyota zake tatu za mkanda. Mkanda huo uko karibu kabisa na ikweta ya anga, hivyo ukiwa Afrika Mashariki unachomoza mashariki hasa na kuchora mistari mitatu iliyonyooka. Kushoto kwake nyota ya Betelgeuse huacha mstari wa rangi ya machungwa, kulia Rigel huacha mstari mweupe wenye ubuluu. Katikati ya Oktoba Jabari huchomoza kama saa nne na nusu usiku, na mwishoni mwa Novemba huchomoza giza linapokamilika tu. Kilimia hulitangulia kundi hilo kwa muda wa saa moja na nusu hivi, upande wa kushoto. Mei na Juni zamu ni ya Nge, anayepanda kusini-mashariki na nyota yake nyekundu ya Antares.

Kuchagua usiku

Mambo matatu yanaamua: mawingu, mwezi na moshi.

Sehemu kubwa ya Tanzania na Kenya, Juni hadi Oktoba ni kiangazi, na Kenya na kaskazini mwa Tanzania, Januari na Februari mara nyingi huwa na usiku usio na mawingu pia. Lakini kuanzia Agosti watu huchoma mashamba na mapori, na moshi hujilaza karibu na upeo wa macho, mahali hasa tunapotaka nyota zitokee. Kwa hiyo Juni na Julai huwa safi zaidi kuliko Septemba. Ukipata mvua ya ghafla iliyosafisha hewa kisha mawingu yakaondoka, usilale.

Mwezi si adui kama wengi wanavyodhani. Giza tupu linatoa nyota nyingi, ila mbuyu wako utakuwa kivuli cheusi. Kama unataka gome na matawi yaonekane, chagua siku ya tatu hadi ya tano baada ya mwezi kuandama. Kalenda ya Kiislamu inatosha kukuonyesha. Usiku huo mwezi mchanga uko magharibi, mgongoni kwako, unamulika kitu chako cha mbele kwa upole huku wewe ukielekeza kamera mashariki. Mwezi wa siku nne hutua kati ya saa tatu na saa nne usiku, kisha giza linabaki lako. Mwezi mpevu uepuke.

Tuna bahati nyingine: jua letu huzama wima. Dakika 70 hadi 75 baada ya machweo giza limekamilika, mwaka mzima. Jua likizama saa 12:30 jioni, saa mbili kasorobo unaweza kuanza. Ulaya ya kaskazini wakati wa kiangazi kuna majuma ambayo giza hilo halifiki kabisa.

Mahali, na ruhusa

Tafuta kitu cha mbele chenye umbo linalotambulika kikiwa kivuli: mbuyu, mwamba wa matale, mnara wa zamani, ngalawa iliyopandishwa pwani. Nyanda za kati, kuanzia Dodoma hadi Kondoa, zina mibuyu na miamba mingi, na ukitoka mji kwa umbali wa kutosha mashariki yako inakuwa nyeusi. Hakikisha tu kwamba mji hauko upande unaoupiga. Mwanga wa mji ulio kilomita 30 mbele ya lenzi unaharibu picha. Mji huohuo ukiwa mgongoni haukusumbui sana.

Nenda mchana kwanza. Simama utakapoweka kamera, tazama dira ya simu, hakikisha hakuna nyaya za umeme, na uangalie ardhi utakayotembea gizani. Programu ya Stellarium itakuonyesha nyota gani itatokea wapi na saa ngapi.

Kisha omba ruhusa. Ongea na mwenyekiti wa kijiji au kitongoji, na na mwenye shamba. Mbuyu unaouona mzuri huenda ni mahali pa matambiko, na wazee wanastahili kuulizwa kabla hujawasha tochi pale. Mtu asiyejulikana, gizani, na kifaa chenye miguu mitatu huwatia watu hofu. Taarifa moja ya mchana inamaliza hilo. Ndani ya hifadhi za taifa usitoke kambini usiku kwa miguu. Piga ukiwa ndani ya eneo la kambi, au panga na wasimamizi wakupe askari wa hifadhi. Kwa vyovyote usiende peke yako, vaa viatu vinavyofunika vifundo vya miguu, na mulika kila unapokanyaga.

Pwani ongeza tahadhari ya bamvua. Usiku wa mwezi mwandamo, ambao ndio wenye giza unalolitaka, ndio pia maji hupanda sana. Tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kufika karibu mita nne. Uliza wavuvi maji yanajaa saa ngapi kabla ya kusimika kamera mchangani.

Vifaa

Kamera yoyote inayokubali kupangwa kwa mkono, yaani hali ya M, inafaa. Lenzi ya milimita 18 hadi 55 inayouzwa pamoja na kamera nyingi inatosha; itumie kwenye 18. Tripodi iwe nzito, au ning'iniza mfuko wa mchanga katikati yake. Utahitaji betri mbili, memori kadi yenye nafasi (saa moja ya picha hula karibu GB 3 za faili za RAW, yaani faili ghafi za kamera), tochi ya kichwani yenye taa nyekundu, na utepe wa gundi.

Kuhusu rimoti: kamera nyingi za sasa zina kipengele cha ndani cha kupiga picha kwa vipindi. Kama yako haina, huhitaji kifaa cha gharama. Nunua rimoti ya waya yenye kitufe kinachofungika, weka kamera kwenye hali ya kupiga mfululizo, sekunde 30, kisha bonyeza na ufunge kitufe. Kamera itapiga picha moja baada ya nyingine mpaka uifungue.

Kwa nini picha nyingi fupi, si moja ndefu

Zamani, kwa filamu, watu waliacha shata, yaani mlango wa kamera unaopitisha mwanga, wazi kwa saa nzima. Kwa kamera ya dijitali njia hiyo inaleta shida: kihisi, yaani kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera, kinapata joto na kujaza picha chenga (vidoa vidogo visivyo nyota), anga linageuka kijivu, na gari moja likipita na taa zake dakika ya 50 umepoteza kila kitu. Tunapiga picha nyingi za sekunde 30 na kuziunganisha baadaye. Picha iliyoharibika unaitoa au unaipaka rangi nyeusi palipoharibika.

Hapa kuna jambo moja la kulielewa vizuri, kwa sababu ukilielewa utapanga kamera yako popote bila kukariri namba za mtu. Nyota inatembea. Kwa lenzi ya milimita 18, taswira ya nyota iliyo kwenye ikweta ya anga husogea juu ya kihisi kwa mikromita 1.3 hivi kila sekunde. Kitundu kimoja cha kihisi (pikseli) kina upana wa mikromita 4 kwa kamera nyingi, maana yake nyota inakivuka kwa sekunde tatu na kuhamia kingine. Kwa hiyo mchirizi hauongezeki mng'ao ukirefusha muda wa shata kutoka sekunde 10 hadi 60. Mng'ao wake unatokana na uwazi wa lenzi na ISO, yaani wepesi wa kamera kuitikia mwanga. Anga la nyuma halitembei kwa namna hiyo, hivyo lenyewe linazidi kung'aa kadiri shata inavyokaa wazi.

Matokeo yake ni kanuni mbili. Ukitaka michirizi ing'ae zaidi, fungua lenzi au pandisha ISO. Ukiona anga limekuwa jeupe au la machungwa, fupisha muda wa shata. Basi.

Mpangilio wa kuanzia

Mahali penye giza, bila mwezi: sekunde 30, uwazi wa lenzi f/3.5, ISO 1600. Kama lenzi yako inafunguka hadi f/2.8, shuka ISO 800. Mwezi mchanga ukiwapo, ISO 800 kwa sekunde 20. Karibu na mji, ISO 800 kwa sekunde 10 hadi 15. Piga picha moja ya majaribio na uangalie grafu ya mwanga, usiamini kioo cha nyuma cha kamera, kwa kuwa gizani kila picha huonekana angavu. Kilima cha grafu kikae upande wa kushoto, bila kugusa ukuta.

Usipandishe ISO kupita kiasi ukidhani nyota nyingi ndiyo picha bora. Nyota ikiungua inakuwa nyeupe, na ile rangi ya machungwa ya Betelgeuse inapotea. Michirizi mia inayosomeka, yenye rangi zake, inapendeza kuliko elfu iliyojazana.

Mengine: piga RAW. Mizani ya rangi iwe namba moja isiyobadilika, Kelvin 4000 ni pazuri, maana ukiiacha ijichagulie, picha zitatofautiana rangi. Zima kidhibiti cha mtikisiko cha lenzi. Na lililo muhimu kuliko yote, zima kipengele cha kupunguza chenga kwa picha ndefu. Kikiwashwa, kamera hupiga picha ya sekunde 30 kisha inakaa sekunde 30 nyingine ikishughulika yenyewe, na michirizi yako inageuka nukta nukta.

Mapengo madogo hayana neno. Sekunde moja kati ya picha na picha haionekani. Sekunde tano zinaonekana. Ukitumia kipengele cha vipindi, jua kwamba kamera nyingi zikiandikwa sekunde 30 hufungua shata kwa sekunde 32 hivi. Weka kipindi cha sekunde 33. Ukiweka 31 kamera itaruka kila picha ya pili.

Kufokasi

Zima fokasi ya kujiendesha. Washa kioo cha nyuma, tafuta nyota angavu kuliko zote au taa ya mbali sana, ikuze mara kumi kwenye kioo, kisha zungusha pete taratibu mpaka iwe nukta ndogo kabisa. Pitiliza kidogo, rudi, ndipo utajua ulipo ukomo. Bandika utepe wa gundi kwenye pete ya fokasi na kwenye pete ya zoom. Alama ya "mbali kabisa" iliyochorwa kwenye lenzi usiitegemee. Mara nyingi haiko sahihi.

Mpangilio wa kazi usiku huo

Fika kabla jua halijazama. Simika tripodi, panga fremu: kwa mashariki weka kamera wima, ardhi ichukue robo ya chini tu, na kitu chako kikae mahali michirizi iliyonyooka itakapopanda. Mstari huo wa katikati ndio uti wa mgongo wa picha.

Jua likishazama, dakika 30 au 40 baadaye, piga picha kadhaa za kitu cha mbele kwa ISO 100 au 200 wakati mwanga wa bluu bado upo. Hizi zitakuwa ardhi yako, safi bila chenga. Kuanzia hapo kamera isisogezwe hata nywele.

Giza likiiva, fokasi, piga jaribio, ukuze na kukagua ncha za fremu, kisha anza mfululizo. Saa moja inatoa picha 110 hivi na michirizi ya nyuzi 15. Kwa lenzi ya 18 kwenye kamera ya kihisi kidogo, ikiwa wima, hiyo ni karibu robo ya urefu wa fremu. Saa mbili ni bora, ukiwa na betri. Kubadilisha betri katikati kunawezekana kama tripodi yako ina mlango huru chini ya kamera, lakini fanya haraka. Pengo la dakika moja litaonekana.

Wakati inapiga, kaa mbali na zima tochi. Taa nyekundu iwe chini, kamwe isielekezwe mbele. Kila baada ya dakika 15 tazama kioo cha lenzi kwa pembeni: pwani na nyanda za juu, Lushoto au Makete, umande unaweza kukikalia bila wewe kujua, na nyota zitafifia picha baada ya picha. Kifuniko cha kuzuia mwanga mbele ya lenzi husaidia, na mkanda wa joto unaochomekwa kwenye pawabenki hulimaliza tatizo.

Ukimaliza, funika lenzi na upige picha tano hadi kumi nyeusi kwa mpangilio uleule. Zinarekodi vitundu vya kihisi vinavyowaka vyenyewe, na programu itazitumia kuviondoa.

Kuunganisha

Rekebisha picha moja ya RAW: rangi, vivuli, basi. Nakili mabadiliko hayohayo kwa zote na uzitoe kama faili za TIFF au JPEG. Usiongeze ukali kwa kila picha, maana unatengeneza mapengo.

Kisha zipakie kwenye StarStaX, programu ya bure inayofanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Weka picha za nyota mahali pake, picha nyeusi mahali pake, chagua hali ya kuziba mapengo, anzisha. Kinachofanyika ni rahisi: kwa kila kitundu, programu inalinganisha picha zote na kubakiza ile yenye mwanga zaidi. Ndiyo sababu anga haliungui hata ukiunganisha picha 300. Kuna pia hali ya nyota mkia, ambapo mchirizi huanza hafifu na kuishia angavu. Inapendeza kwa picha ya mashariki kwa sababu mtazamaji anaona nyota zinapanda.

Ndege na setilaiti hukata michirizi kwa mstari wa ajabu. Dawa yake inatoka kwenye kanuni ileile: fungua picha moja yenye ndege, paka rangi nyeusi juu ya mstari wa ndege, hifadhi, unganisha upya. Kwa kuwa mwanga zaidi ndio unaobaki, weusi hauonekani. Michirizi iliyokatwa hapo itakuwa na pengo dogo, kwa hiyo paka kwa brashi nyembamba.

Mwisho, leta ile ardhi ya jioni. Kwenye programu ya kuhariri picha kama GIMP au Photoshop iweke juu kama tabaka, fichua sehemu ya chini tu kwa barakoa, na ushushe mwanga wake mpaka uendane na usiku. Wengi huacha ardhi inang'aa kuliko anga, na jicho linakataa mara moja.

Kama una simu tu

Simu yenye hali ya Pro inayokubali sekunde 30 na ISO 800 inaweza kufanya kazi hii ikiwa kwenye tripodi, na programu ya vipindi au kipimasaa chake kikibonyezwa kwa kitufe cha spika za masikioni zenye waya. Baadhi ya simu za Huawei zina hali ya michirizi ya nyota ndani ya kamera yenyewe, inayojenga picha mbele ya macho yako. Ondoa kava, ziba taa ya arifa, weka simu kwenye hali ya ndege ili simu ikiita isikatize, na uichomeke kwenye pawabenki. Lenzi kuu ndiyo ya kutumia. Ile pana zaidi mara nyingi ina kihisi kidogo na chenga nyingi.